Sura ya Sita: Bushi za Pikapu na Mteremko wa Muze

Gari likitoka Sumbawanga mjini kwenda Muze hufuata kwanza njia kuu ya Mpanda. Likifika Ntendo huiacha njia hiyo, na baada ya muda nchi inaisha mbele yake. Uwanda wa Ufipa, ambao huku uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, unakatika ghafla kwenye ukingo wa Lyamba lya Mfipa. Bonde la Ziwa Rukwa liko kule chini, kiasi cha mita 1,000 chini ya pale dereva anapokanyaga breki ya kwanza. Kwa wanajiolojia ukingo huo ni ufa: ardhi ya upande wa ziwa imezama, ya Ufipa imebaki juu, na kazi hiyo haijakwisha. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 lilipiga eneo la Rukwa, na katika karne yote ya 20 Afrika Mashariki haikupata kubwa kuliko hilo. Barabara ya Muze imechimbwa ubavuni mwa ufa huo.

Nimeanza na mteremko kwa sababu sura hii inahusu mipira midogo inayotoshea kiganjani, na mteremko huu ndio unaoimaliza.

Pikapu zinazoshuka na kupanda hapa nyingi si mpya. Ni Toyota Hilux za kizazi cha 1988 hadi 1997, na Land Cruiser za mfululizo wa 70 ulioanza kutoka kiwandani mwaka 1984. Zimezeekea kwenye njia hii ilipokuwa changarawe, mawe na makorongo. Zikishuka hubeba sementi, mabati, soda na mbolea. Zikipanda hubeba mpunga, ufuta na samaki wa Ziwa Rukwa. Hilux iliundwa ibebe takriban tani moja, yaani magunia kumi ya kilo mia, lakini gunia la bondeni mara nyingi ni lumbesa, lile lililoshonewa kilemba, ambalo Wakala wa Vipimo wanalipiga vita miaka nenda miaka rudi na bado lipo. Juu ya lumbesa wanakaa wenye mzigo. Juu ya mapaja ya wenye mzigo wanakaa kuku.

Injini za magari haya zinajulikana kwa uvumilivu, na hata zikichoka hutoa moshi na kelele ambazo kila mtu anazielewa. Bushi haina moshi. Inaisha taratibu, na dereva anaizoea kadiri inavyoisha, mpaka siku anayopanda dereva mwingine na kuuliza, "Hili gari mnaliendeshaje?" Gereji nako maneno ni yaleyale. Dereva anasema, "Fundi, mbele kunagonga." Fundi anajibu kabla hajainama: "Shokapu hizo, bosi." Shokapu zinanunuliwa, zinafungwa, gari linashuka bondeni na kurudi likigonga vilevile. Fedha ya shokapu imekwenda, na bushi ambazo zingenunuliwa kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo bado ziko palepale, zimelika.

Bushi ni bomba fupi la mpira linalokaa kati ya chuma na chuma. Kwenye springi ya majani, jani refu la juu limekunjwa ncha zote mbili likaacha tundu kila upande. Tundu moja limefungwa kwa pini kwenye kikono cha chasisi na halihami. Tundu la pili linashikwa na sheko, vile vipande viwili bapa vinavyoning'inia kwenye chasisi, kwa sababu springi ikilemewa hunyooka, ikinyooka hurefuka, na lazima ipate pa kwenda. Sheko ina pini mbili, moja kwenye springi na nyingine kwenye chasisi, na kila pini imevishwa mpira. Kwa Hilux ya foo-wili ya enzi hizo, yenye springi za majani mbele na nyuma, hizo ni sehemu 12. Kwenye sheko mpira huwa nusu mbili zinazoingizwa kutoka kushoto na kulia hadi zikakutana katikati.

Mtu akiona pini ndani ya tundu, akili inamwambia kwamba pini inazunguka. Hapo ndipo makosa yote yanapoanzia. Kwenye bushi ya mpira iliyo nzima hakuna kinachozunguka. Ndani mpira umeishika pini, nje umeshikwa na tundu, na sheko inapocheza mbele na nyuma mpira unajisokota kidogo kisha unarudi. Hakuna chuma kinachosugua chuma, kwa hiyo hakuna cha kulainishwa. Siku mpira unapoanza kuteleza juu ya pini, ujue umeanza kufa: vumbi la barabarani linaingia kwenye mwanya na kufanya kazi ya msasa, mwanya unaongezeka, na mwishowe pini inalila tundu la chuma hadi liwe yai. Bushi hununuliwa dukani. Tundu la chasisi halinunuliwi. Linajazwa kwa kuchomelea na kutobolewa upya, na fundi wa kulitoboa likawa sawasawa na la upande wa pili hapatikani kila kona.

Watu wa Ufipa hawakuanza jana kujua vyuma. Walipoyeyusha mawe ya chuma walitumia matanuri marefu ya udongo, malungu, yanayompita mtu kimo na kuvuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa kwenye vitanuri vidogo vya kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika. Profesa Bertram Mapunda, mwanaakiolojia, ameifanyia kazi historia hiyo kwa miaka mingi, na mabaki ya malungu yapo uwandani hadi leo. Mpira ndio mgeni. Sehemu kubwa ya ufundi wa magari tunaoujua, Ufipa na kwingineko nchini, ni ufundi wa chuma: kuchomelea, kuchonga, kunyoosha, kupaka grisi. Bushi ikiisha, mkono uliozoea chuma unaitibu kama chuma.

Malori nayo yamechangia. Mafundi wengi wamejifunzia kwenye Fuso na Isuzu, na springi za lori kubwa kwa kawaida zina pini za chuma ndani ya bushi za chuma, na kila pini ina nipeli ya grisi. Huko sheria ni moja: piga grisi, na ukiisahau pini italia. Spanaboi aliyelelewa na sheria hiyo akiletewa Hilux inayolia kwenye sheko atafanya alichofundishwa. Atapaka grisi, kelele itanyamaza kwa siku chache, na mwenye gari atafurahi. Ila mpira wa asili na mafuta ya petroli hawapatani. Grisi, dizeli na oili hupenya ndani ya mpira, huuvimbisha, huulainisha, na baada ya muda unamenyeka kwa kucha.

Ndiyo maana nina ugomvi na ile desturi ya kupaka oili chafu chini ya gari. Nia ni njema: kuzuia kutu. Matope ya bondeni wakati wa masika yanashika kila mahali, na anayepaka oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini anaona chuma chake kinang'aa. Chasisi itamshukuru. Bushi zote zilizoguswa na burashi ile zimeanza safari ya kuvimba. Ukitaka kupaka, paka, lakini acha nafasi ya kiganja kuzunguka kila tundu la springi, na kwanza ziba uvujaji wa injini na wa difu, maana huo ni mpakaji asiyelala.

Kuzikagua hakuhitaji mashine. Simamisha gari mahali tambarare, weka mawe kwenye matairi, na uangalie pini ikiwa katikati ya tundu. Bushi nzima huizunguka pini kwa unene ulio sawa pande zote. Bushi iliyochoka huonyesha mpira mwembamba upande mmoja na mnene upande wa pili, kwa kuwa mzigo umekuwa ukikandamiza upande uleule kwa miaka. Angalia vipande vya sheko: vikiwa vimekwaruza ubavu wa springi hadi chuma kikawa cheupe, masikio ya mpira yamekwisha na chuma kinagusa chuma. Kisha chukua mtaimbo, upenyeze kati ya springi na chasisi, uinue. Mpira mzima unakubali kidogo halafu unagoma. Ukiona pini inaruka ndani ya tundu kwa mlio, huna haja ya kuuliza zaidi. Kwa mbele, mwombe mtu akae kwenye usukani auzungushe kulia na kushoto huku injini inaunguruma na matairi yako chini, nawe utazame. Ekseli ikitangulia kwenda pembeni kabla ya matairi kukata kona, bushi za springi zinaomba likizo.

Ulaji wa tairi pia ni ushahidi, ila ni shahidi anayesema mengi kwa wakati mmoja: tairi huliwa na bolijointi, na bearingi, na upepo mdogo, na bushi. Ushahidi ninaouamini zaidi ni wa kwenye breki. Gari linaloshuka kuelekea Muze hutupa uzito mbele kila dereva anapokanyaga, na kama bushi za springi moja zimelegea kuliko za pili, ekseli inachelewa upande mmoja na usukani unavutwa. Nyuma hali ni ileile: upande mmoja wa ekseli unarudi nyuma kidogo kuliko wa pili, na gari linakwenda kama kaa, pua huku na mkia kule. Mfuate mwenzako kwenye njia iliyonyooka uone kama matairi yake ya nyuma yanakanyaga palipokanyagwa na ya mbele. Askari wa usalama barabarani atakagua taa, matairi na stika, na ni haki yake. Kuinama na mtaimbo ni kazi ya mwenye gari.

Msimu wa kuifanya ni kabla ya mpunga kuvunwa. Mvua zikipungua kuelekea Mei njia inakauka, matope yanabanduka kwa urahisi, na gari halijaanza kugombaniwa. Ukingoja mavuno, tajiri atakwambia, "Ngoja tumalize msimu kwanza." Msimu ukiisha fedha imekwisha kwenda kwingine.

Siku ya kazi, jambo la kwanza ni kulegeza nati zote za pini gari likiwa bado limesimama kwa matairi yake. Nati iliyoshika kutu inadai nguvu, na kuvuta spana kwa mwili mzima chini ya gari lililoning'inizwa kwenye jeki ni kuchezea roho. Wengi hupaka dizeli jana yake jioni ili ipenye usiku. Hapo dizeli haina ubaya, kwa sababu mpira huo unakwenda kutupwa. Kisha gari linainuliwa kwa chasisi, si kwa ekseli, na chasisi inakalishwa juu ya stendi au magogo mapana yaliyopangwa kwa kupishana. Tofali la kuchoma halifai, maana hupasuka bila taarifa. Jeki ya pili inakaa chini ya ekseli kubeba uzito wake, ipandishwe na kushushwa kidogo kidogo mpaka pini ianze kutoka kwa mkono. Pini inayogoma mara nyingi imebanwa na mzigo wa springi tu, na anayeipiga nyundo wakati jeki ingeimaliza kazi anaharibu ncha yenye nyuzi.

Fanya springi moja kwa wakati. Ukifungua zote mbili za nyuma, ekseli inabaki yatima, inazunguka, inavuta bomba la breki, na kuirudisha mahali pake ni kazi ya watu watatu na matusi kadhaa.

Pini ikishatoka, mpira wa zamani wa nusu mbili kwa kawaida hutoka kwa bisibisi. Kazi inayorukwa ni ile inayofuata. Tundu la springi lina kutu na mabaki ya mpira yaliyogandia ukutani. Lisafishwe kwa msasa mpaka chuma kiwe laini, kwa sababu mpira mpya ukikalia kutu hautashika, na usiposhika utateleza. Pini nayo ipelekwe kwenye mwanga. Ukiipitishia ukucha na kuhisi ngazi pale mpira ulipokuwa unakaa, pini hiyo imekwisha, hata kama nyuzi zake ni nzima. Bushi mpya juu ya pini iliyolika ni fedha iliyotupwa, na hapa ndipo wenye magari wengi hubana senti, maana pini inaonekana bado ni chuma.

Mpira mpya ukigoma kuingia, paka maji ya sabuni. Yanalainisha wakati wa kuingiza, yanakauka, na yanaacha mpira ushike. Ingiza nusu mbili, pitisha sheko, rudisha nati, na uzikaze kwa vidole tu.

Sasa simama.

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua kama bushi itaishi miaka au miezi, na ndiyo inayokosewa kuliko zote, hata kwenye gereji zenye vifaa vizuri. Gari bado liko juu, ekseli inaning'inia, spana iko mkononi, na ni rahisi kukaza kila kitu pale pale. Usikaze. Kumbuka kwamba mpira unajisokota. Ukiubana wakati springi imening'inia, umeufundisha kwamba kule chini ndiko nyumbani. Ukilishusha gari, sheko inageuka, na mpira ambao ungepaswa kupumzika sasa umesokotwa kabla hata gari halijatembea. Tuseme sheko imegeuka nyuzi 20 kati ya kuning'inia na kusimama. Gunia la kwanza likipakiwa linaongeza, shimo la kwanza linaongeza tena, na mpira uliotengenezwa kwenda kiasi sawa huku na huku unakwenda wote upande mmoja. Unachanika kwa duara, karibu na pini. Kwa hiyo shusha gari chini, tikisa boneti na bodi ili springi zikae, na kama gari hili ni la mizigo weka mzigo wa kawaida nyuma. Ndipo uingie chini ukaze.

Kwa mipira ya nusu mbili kosa hilo huumiza. Kwa bushi zilizogandishwa huua. Hilux nyingi za zamani zisizo na foo-wili, na nyingi za kizazi kilichofuata, mbele hazina springi za majani: zina amu za juu na za chini, na torshenibaa, ile fito ndefu ya chuma inayojipinda badala ya springi. Bushi za amu ni za namna nyingine. Ndani kuna bomba dogo la chuma, nje bomba kubwa, na katikati mpira uliogandishwa kiwandani kwa vyuma vyote viwili hadi hauwezi kuteleza hata ukitaka. Bolti ikikazwa bomba la ndani halina uhuru wowote, na mpira unabeba msokoto wote peke yake. Kaza amu zikiwa zinaning'inia na utarudi kuzinunua tena msimu huohuo, ukimlaani muuza spea.

Kuzitoa ni vita kidogo. Penye presi ni dakika chache. Pasipo presi, fundi mwenye akili huchukua bolti ndefu yenye nguvu, kipande cha bomba pana upande mmoja, washa nene inayolingana na bushi upande wa pili, na kwa kukaza nati huivuta bushi itoke. Njia hiyohiyo huingiza mpya, mradi unasukuma bomba la nje na si la ndani. Wengine huchoma mpira kwa moto. Inafanya kazi, lakini ule moshi mweusi si wa kuvutwa na spanaboi wa miaka kumi na sita aliyeinamia jiliwa, na bomba la nje linabaki palepale likisubiri kukatwa kwa msumeno wa chuma. Ukilikata, kata kwa uangalifu hadi karibu lote, umalizie kwa tindo. Mkwaruzo ndani ya amu ni mwanzo wa ufa. Kabla ya kuigusa torshenibaa, weka alama za rangi kwenye meno yake na upime kimo cha gari pande zote mbili, la sivyo gari litarudi limeinama bega moja. Ukimaliza, pima alaimenti. Uzi uliovutwa ubavuni mwa matairi unaweza kukufikisha mjini bila kula tairi jipya. Baada ya hapo mashine imalizie.

Swali la bushi ipi ya kununua huulizwa sana kuliko linavyostahili, lakini lina jibu. Mpira wa kiwandani ulio halisi, au kopi nzuri inayorudi haraka ukiibonyeza kwa kidole gumba na isiyonuka lami, unatosha kwa pikapu ya kazi. Mizigo ya spea husafiri kwa basi kutoka Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, na kinachofika hakifanani kila mara na kilichoonyeshwa kwenye simu, kwa hiyo taja aina ya gari kwa herufi na namba zilizo kwenye kibati chake na usiseme tu "Hilux ya zamani". Poliyurethani, ile plastiki ngumu ya rangi ya bluu au nyekundu inayopendwa na wasafiri wa Australia, inavumilia oili kuliko mpira na inakaa vizuri kwenye sheko. Hiyo ndiyo inayoteleza juu ya pini, kwa hiyo hiyo ndiyo inayotaka grisi, ya silikoni ikipatikana. Kwenye mikono ya mbele ya Land Cruiser 79, ambayo lazima ijipinde pande zote, ugumu wake ni kero: unaiumiza mikono yenyewe.

Halafu kuna za kuchonga. Ukimpelekea mchongaji mwenye mashine bushi ya zamani, atakutolea ya nailoni au ya shaba, safi, ya kipimo, jioni ileile. Gari lililokwama na mpunga usiku unaingia halina nafasi ya kusikiliza nadharia, na bushi ya kuchonga inalirudisha njiani. Ila mwenye gari ajue alichobadilisha. Ameigeuza Hilux kuwa Fuso ndogo: sasa pini inazunguka, sasa grisi ni ya lazima, na pini itobolewe tundu la nipeli. Kila jiwe la njia ya Muze lililokuwa linamezwa na mpira sasa linaipiga chasisi moja kwa moja. Wengine hukata ukanda wa tairi kuukuu na kuusokomeza kuzunguka pini. Huo ni ujanja wa kufika nyumbani, na nauheshimu kwa kiwango hicho.

Inanikera kwamba mpira huo tunaungoja kutoka ng'ambo. Tanzania ina mashamba ya mpira Kihuhwi wilayani Muheza na Kalunga mkoani Morogoro, yaliyokuwa ya kiwanda cha matairi cha General Tyre cha Arusha hadi kiwanda kiliposimama. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, lina ofisi hadi Rukwa. Bushi ya sheko haina bomba la chuma wala ugandishaji: ni mpira, salfa, masizi, moto na kalibu. Charles Goodyear aligundua mwaka 1839 kwamba salfa na joto huufanya mpira usiyeyuke kiangazi wala kukakamaa baridini, na kwa bushi ya nusu mbili hatuhitaji mengi zaidi ya alichokijua yeye na masizi juu yake. Za amu, zilizogandishwa kwa chuma, ni kazi nyingine, hizo tuendelee kununua.

Baada ya safari ya kwanza ya kushuka na kupanda na mzigo, kaza tena nati za sheko na yubolti, gari likiwa chini. Mpira mpya unakaa, washa zinajipanga, na nati iliyokuwa ngumu Jumatatu inakubali robo mzunguko Ijumaa. Senta bolti nayo iangaliwe siku hiyo, kwani ikikatika ekseli inahama hata kama bushi zote ni mpya.

Bushi za zamani usizitupe kabla mwenye gari hajaziona. Zipange mezani kwa mpangilio zilivyotoka, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Iliyolika upande mmoja ikawa yai ni ya mzigo, na kama za kulia zimelika kuliko za kushoto, muulize dereva anapakia vipi. Iliyovimba na kulainika ni ya oili, kwa hiyo tafuta inavuja wapi kabla hujafunga mpya. Iliyokauka na kupasuka nyufa ndogondogo kwa nje ni ya umri na jua, haina wa kulaumiwa. Na iliyochanika duara safi kuzunguka pini, huku nje bado ina rangi na alama za dukani, usimlaumu aliyeiuza. Mtafute aliyeifunga, umuulize siku anaikaza matairi yalikuwa chini au juu.